Stripu za PdG: mstari mmoja ndo habari njema

Wadada mnaotafuta mtoto sogeeni. Nimejaribu pakiti moja ya stripu za PdG, zile za kupima mkojo ujue kama yai limetoka kweli, nimeagiza kwa dada mmoja anayeleta mizigo kutoka Marekani, stripu 7 kwa elfu 60, ghali jamani, UPT (kipimo cha mimba cha mkojo) ya duka la dawa inakaa mbali kabisa na hiyo bei.

Ila kazi yake ni nyingine. Zile za LH tulizozoea, homoni inayopanda kabla yai halijatoka, zinakuambia tu yai linajiandaa kutoka, kama limetoka kweli hazijui. Yai likishatoka, kile kifuko kilicholibeba kinabaki kwenye ovari kinatengeneza homoni ya projesteroni, ini linaibadilisha, mabaki yake figo zinayatoa kwenye mkojo, na hayo mabaki ndo PdG. Kwa hiyo sindano hakuna, ni mkojo wa kwanza wa asubuhi, na usiku usibugie maji utauzimua.

Sasa vituko. Mara ya kwanza nikaona mistari miwili, nikapiga vigelegele chooni hadi mzee akaja mbio na povu la mswaki mdomoni. Kumbe hizi ziko kinyume na UPT!! PdG ikiwa ya kutosha, yaani kuanzia mikrogramu 5 kwa mililita, inazuia rangi isishike kwenye mstari wa pili, kwa hiyo mmoja ndo mzuri, miwili bado. Maelezo yapo kwenye karatasi, herufi kama sisimizi, Kiingereza kitupu. Hapo nimekata nyota.

Halafu nilikurupuka, nilipima siku ya 22 ya mzunguko wakati LH yangu ilipanda siku ya 19, inatakiwa usubiri siku ya 7 mpaka ya 10 baada ya LH kupanda. Nikahesabu upya nikapata 26 mpaka 29 na hapo ndo nikashtuka, maana mwaka jana kuna hospitali walinitoa damu siku ya 21 wakasema projesteroni iko chini nikaanzishiwa vidonge. Siku ya 21 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28, mimi wangu ni 33, na hakuna aliyeniuliza!

Kuanzia ya 26 nikapata mmoja, mmoja, mmoja, ya 29 kamstari ka pili kakachungulia kwa mbali. Mimba haimaanishi lakini, msije mkanifuata inbox. Nyota 4. Zimebaki stripu mbili, mwezi ujao naanzia ya 26.