Uzoefu wangu na tangi la choo la plastiki lenye vitufe viwili

Tangi la choo la plastiki nililofunga nyumbani kwetu Tanga, lile la kuning'inizwa ukutani nyuma ya choo cha kukaa na kubonyezwa vitufe viwili juu ya mfuniko, nimeshalitumia muda wa kutosha kulitolea maoni. Mwili wake ni imara kuliko tangi lolote tulilowahi kuwa nalo. Hata hivyo, kama litaokoa maji au litayapoteza, hilo linaamuliwa na mpira mdogo wa duara uliolala chini kabisa ndani yake, ambao mnunuzi hauoni anapokuwa dukani.

Tangi lililotangulia lilikuwa la chuma, limefungwa juu karibu na dari na kuvutwa kwa mnyororo, la aina iliyoletwa na Waingereza na ambayo bado inaonekana katika nyumba za zamani za pwani. Kila mvuto ulimwaga galoni 2, yaani takriban lita 9. Maji ya kisima chetu yana chumvi, na chumvi hiyo ilikula kila kitu: mkono wa boya, nati, hata boya lenyewe la shaba, ambalo lilipotoboka lilijaa maji na kuzama. Mwili wa plastiki ya ABS, ileile inayotengenezewa vichwa vingi vya shawa, haujabadilika hata kidogo kwa maji hayohayo. Tena ni mwepesi, kiasi kwamba skrubu mbili zinatosha kuubeba kwenye ukuta wa tofali za saruji.

Wabunifu walitafuta mwili wa namna hiyo kwa miaka mingi. Huko Rapperswil, Uswisi, mwaka 1905 ukoo wa Gebert ulianza kutengeneza tangi la mbao lililotandikwa madini ya risasi ndani, wakaliita Phönix. Kampuni yao, ambayo leo inajulikana kama Geberit, iliingia kwenye matangi ya plastiki mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1964 ikaleta tangi la kufichwa ndani ya ukuta. Ninaona mantiki kubwa katika mfuatano huo, kwa sababu hakuna mtu mwenye busara ambaye angefukia mbao au chuma ndani ya ukuta uliokwisha kupigwa vigae.

Vitufe viwili vina historia tofauti, nayo ilitokea Australia, nchi inayojua ukame. Mwaka 1980 Bruce Thompson wa kampuni ya Caroma alibuni tangi lililotoa lita 11 kwa kitufe kimoja na lita 5.5 kwa kingine, na kazi yake ilisaidiwa na fedha za serikali. Kufikia mwaka 1993 kampuni hiyo ilikuwa imeshuka hadi lita 6 na 3, lakini ilibidi sinki la choo lenyewe lichorwe upya, kwa kuwa sinki lililokusudiwa maji mengi halisafishiki kwa maji machache hata tangi liwe zuri namna gani. Jambo hili lilinigusa moja kwa moja. Sisi tulibakiza sinki letu la zamani, na kitufe kidogo hakikutosha isipokuwa kwa haja ndogo. Kitufe kikubwa nacho kilianza kusafisha vizuri baada ya fundi bomba kupandisha boya ili tangi lijae zaidi. Anayejenga upya anunue sinki na tangi vilivyotengenezwa kwa ajili ya kufanya kazi pamoja.

Sasa nirudi kwenye mpira. Matangi ya Kiingereza yalifanya kazi kwa sifoni: ukivuta mnyororo, maji yanasukumwa juu ya kona ya bomba lililopinda, kisha yanajivuta yenyewe mpaka tangi liishe. Kona hiyo iko juu ya usawa wa maji, kwa hiyo sifoni haiwezi kuvujisha maji kwenye sinki kimyakimya. Ndiyo maana Uingereza ilishikilia sifoni kwa muda mrefu, na ni kanuni za mwaka 1999 zilizokuja kuruhusu vali za vitufe kuanzia mwaka 2001. Vali ya kitufe imekaa chini, maji yote yakiwa juu yake, na kinachoyazuia ni mpira huo tu. Mchanga kidogo au ukoko wa chokaa ukikaa chini yake, maji yanachuruzika usiku kucha bila sauti, na kwa nyumba inayotegemea simtanki wakati wa mgao hasara hiyo ni kubwa kuliko yote iliyookolewa na kitufe kidogo.

Mpira wa kwanza wa tangi letu uliharibika mapema, na ninaamini vidonge vya klorini tulivyokuwa tukitumbukiza ndani ya tangi vilichangia, maana klorini kali huukausha mpira na kuufanya mgumu. Sasa tunasafisha sinki peke yake, na mpira mpya unaendelea vyema. Kuupima ni rahisi: weka matone ya rangi ya chakula ndani ya tangi, usibonyeze kitu kwa nusu saa, kisha tazama sinki. Ukiona rangi, mpira unavujisha. Kabla ya kulipia tangi lolote, muulize mwenye duka kama anauza mpira wake peke yake. Kama hauzwi, liache hata kama bei yake inavutia.

Kuna suala la kujaa pia. Simtanki letu limesimama kwenye kichanja kifupi, na kwa kuwa maji huhitaji kimo cha takriban mita 10 ili kufikia shinikizo la bari 1, yetu hufika yakiwa dhaifu sana. Tangi lilijaa polepole mno hadi fundi alipotoa kipande kidogo cha plastiki kilichowekwa kwenye vali ya kuingizia ili kupunguza kasi ya maji ya bomba la mtaani. Chujio la mahali hapohapo alilirudisha, na ninasisitiza lisiondolewe, kwani ndilo linalozuia mchanga kufika kwenye mpira.

Kwa choo cha ndani ninalipendekeza tangi hili bila kusita. Kwa choo cha uani kinachopigwa na jua mchana kutwa nisingelifunga, kwa sababu miale ya jua huigeuza ABS kuwa ya manjano na baadaye huifanya ipasuke. Huko afadhali tangi la kauri, hata kama ni zito na ghali zaidi.