Usafiri wa Italia kwa wazazi wetu: hesabu vidato kwanza, yuro baadaye

Mama yangu ameuza leso Malindi kwa miaka thelathini, na wateja wake wengi walikuwa Wataliano. Alipokuja kunitembelea huku Modena mwaka jana, Kitaliano chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu nilipofika. Lugha haikumsumbua hata siku moja. Kidato cha mlango wa treni ndicho kilichomshinda.

Kosa ni langu. Nilinunua tiketi za Firenze kwenda Venezia kwenye tovuti moja ya madalali (siitaji, wanajijua) nikajiona mjanja kwa kuokoa vijisenti. Kumbe tiketi zile zilikuwa za kubadilisha treni mara mbili, na mahali pamoja tulipewa dakika 9 tu. Kwa kijana, dakika 9 zinatosha kununua maji na kupiga picha. Kwa Mama mwenye miaka 71, na mama mdogo ambaye magoti yake yamemchoka, ni kushuka ngazi, kupita chini ya reli, kisha kupanda ngazi za upande wa pili na masanduku mawili ya kilo 23. Lifti ilikuwa imebandikwa karatasi mlangoni. Tulipofika juu tukakuta behewa la zamani, vidato vyembamba vimesimama wima, cha kwanza kinamfika Mama gotini. Akashika chuma kwa mkono mmoja, buibui kwa mwingine, akanigeukia: "Mwanangu, nimekuja kutembea au nimekuja kuwa mkwezi?"

Kijana aliyekuwa mlangoni ndiye aliyemvuta. Mimi nilikuwa bado chini na masanduku.

Tangu hapo nimekuwa mwehu wa vidato. Watu wanaponiuliza wawapandishe nini wazazi wao wanaokuja Italia mara ya kwanza, wengi wanataka kujua kasi, intaneti na dirisha lenye mandhari. Hayo utayapata popote. Mimi nauliza: mzee atanyanyua mguu mara ngapi, na kwa kimo gani, kuanzia mlango wa hoteli hadi kitini?

Kipimo cha kawaida cha jukwaa la reli Italia ni sentimita 55 juu ya reli, na stesheni nyingi za zamani zina majukwaa ya chini kuliko hapo. Sakafu ya treni nyingi, hata zile za kasi, iko juu zaidi. Pengo hilo linazibwa kwa vidato, na ndiyo maana treni mbili za nauli moja zinaweza kuwa mbingu na ardhi kwa mtu mwenye goti bovu.

La pili ni stesheni yenyewe, na hapa ndipo pesa zako zinapofanya kazi bila wewe kujua. Kuna stesheni ambazo reli zinaishia hapo hapo: Roma Termini, Firenze Santa Maria Novella, Venezia Santa Lucia, Napoli Centrale, Milano Centrale. Ndani ya hizi unatoka ukumbini ukatembea sakafu tambarare mpaka kwenye behewa lako, hupiti chini ya reli. (Milano reli ziko juu ya barabara, lakini kuna lifti na njia za umeme za kupandisha watu.) Kisha kuna zile ambazo treni inapita katikati, kama Venezia Mestre, Roma Tiburtina na Firenze Campo di Marte. Huko kubadilisha jukwaa maana yake ni njia ya chini au ya juu, na lifti ikigoma umekwisha. Mestre na Santa Lucia zote zimeandikwa "Venezia" kwenye tiketi, na yenye bei ya chini mara nyingi ndiyo Mestre. Usimshushe mzee Mestre kwa sababu ya yuro tatu.

Bologna nayo uiangalie kwa jicho la pekee. Treni nyingi za kasi zinasimama chini ya ardhi, jukwaa la 16 hadi la 19, na kutoka huko hadi treni za kawaida juu ni safari ndani ya safari. Ukilazimika kubadilisha hapo, jipe dakika arobaini, na asikwambie mtu vinginevyo.

Namba moja kwangu, na sifichi mapenzi yangu, ni Frecciarossa, treni ya kasi ya Trenitalia (kampuni ya reli ya serikali), daraja la Business. Zina vidato, ndiyo, lakini zinakwenda moja kwa moja kutoka stesheni tambarare hadi stesheni tambarare, na humaliza mambo haraka: Roma hadi Firenze kama saa moja na nusu, Firenze hadi Venezia saa mbili na kitu, Roma hadi Napoli saa moja na dakika kumi hivi. Business viti ni viwili upande mmoja na kimoja upande wa pili, kwa hiyo mzee anayependa kukaa peke yake bila kubanwa anapata kile kimoja. Njia ni pana, na msafiri anaweza kusimama na kujinyoosha. Wanaleta kinywaji na kitu kidogo cha kutafuna. Ukinunua mapema, tofauti ya bei kati ya Standard na Business nimewahi kuiona ndogo kuliko kahawa mbili za kukaa kwenye uwanja wa San Marco kule Venezia. Executive ni ya watu wenye mikutano, achana nayo.

Jambo moja dogo: treni inayotoka Roma kwenda Venezia ikiingia Santa Maria Novella inatoka kwa kurudi nyuma, kwa sababu reli zinaishia pale. Aliyekuwa anatazama mbele sasa anakwenda kinyumenyume. Mama mdogo alidhani tunarudishwa Roma.

Namba mbili ni Italo, daraja la Prima. Ni kampuni binafsi ya treni za kasi iliyoanza kubeba abiria mwaka 2012, na ushindani wake ndio uliotupa nauli za kueleweka kwenye njia hizi. Viti ni viwili kwa kimoja vilevile. Kwa nini basi ya pili? Ukiniuliza sana nitakwambia ni mazoea tu, na kwamba Frecciarossa zinafika miji mingi zaidi na ni nyingi kwa siku, hivyo ikitokea shida kuna nyingine baadaye. Kama Italo ina saa inayokufaa na bei nzuri, panda bila wasiwasi.

Namba tatu itawashangaza: treni za mkoa, zile mpya tu, ziitwazo Rock na Pop, zilizoanza huku Emilia-Romagna mwaka 2019. Kwenye jukwaa la kimo sahihi mlango wake uko karibu sawa na jukwaa. Unaburuta sanduku unaingia. Mama alipoingia Rock pale Modena aligeuka kutazama mlango, kama mtu aliyeambiwa ni bure akashuku. Rock ina ghorofa, lakini kaa karibu na mlango, usipande juu. Ni za mwendo mfupi, kitu cha nusu saa au saa moja. Tiketi ya karatasi igongwe kwenye mashine kabla ya kupanda, na ya simu ifanyiwe check-in. Ukisahau, konda hataki hadithi.

Intercity, treni za masafa marefu zisizo za kasi, za mabehewa ya zamani nazipa mgongo. Nauli yake inavutia, na vidato vyake ni vile vya Mama.

Napoli hadi Sorrento wengi watakuelekeza Circumvesuviana, treni ya mtaani ya huko, kwa kuwa ni rahisi mfukoni. Imejaa, masanduku hayana pa kukaa, basi. Kama bahari imetulia, panda boti ya kasi kutoka Molo Beverello, gati la Napoli, kama dakika arobaini. Mtu wa pwani utamwambia nini kuhusu boti? Mama alikaa dirishani akilinganisha mawimbi na ya Watamu, na Watamu ikashinda. Jua tu kwamba bandari ya Sorrento iko chini ya jabali, na kupanda mjini kuna lifti ya kulipia. Itafute, usifuate vijana wanaopanda ngazi. Positano, mji wa upande wa pili wa rasi hiyo, ni ngazi tupu, iangalieni mkiwa kwenye boti inayopita huko.

Kwa vilima vya Toscana, kama San Gimignano ambako hakuna stesheni, kodi gari lenye dereva wake, wanaloita NCC, mkubaliane bei kwa maandishi kabla. Ni ghali, lakini mkiwa wanne mnagawana, na dereva anabeba sanduku. Gari la kujiendesha silipendekezi: leseni ya Kenya au Tanzania inahitaji kibali cha kimataifa pamoja nayo, na katikati ya miji kuna maeneo ya ZTL, yaani yaliyozuiwa magari yasiyo na kibali, yenye kamera. Unaingia bila kujua, faini inakufuata nyumbani miezi kadhaa baadaye, na waliokukodisha wanakata ada yao juu. Mabasi ya masafa marefu ni nafuu. Mengi vidato vyake ni virefu.

Sasa kitu cha bure ambacho madalali hawakuambii kwa kuwa hawapati kitu: Sala Blu. Ni huduma ya stesheni kwa watu wenye shida ya kutembea, wazee wakiwemo. Unaomba mapema, siku moja kabla ukiweza, kwa namba 800 90 60 60 ukiwa Italia. Wanakuja na kiti cha magurudumu, na kwenye stesheni zenye kifaa chake wanampandisha mzee hadi mlangoni mwa behewa bila kugusa kidato kimoja. Hakuna malipo. Mama alikataa kwanza, akasema yeye si mgonjwa. Nikamwambia aseme ni kwa ajili ya mdogo wake. Wote wawili wakasukumwa Santa Lucia nzima kama maharusi.

Na hao madalali. Bei uliyoiona ukurasa wa kwanza siyo utakayolipa. Kuna "ada ya huduma", kuna ada ya kuchagua kiti, kuna bima iliyotiwa alama tayari uitoe mwenyewe. Nilipotaka kubadilisha saa, waliniambia niongee na kampuni ya treni. Kampuni ikaniambia niongee na niliyenunua kwake. Tiketi zilezile ziko kwenye tovuti na programu za Trenitalia na Italo zenyewe, na zote mbili huwa na ofa kwa waliotimiza miaka 60. Chagua kiti kwenye ramani, karibu na mlango, karibu na rafu ya masanduku. Usichukue Super Economy, nauli ya chini kabisa, kwa mzee: haibadiliki wala hairudishwi, na presha haina ratiba. Lipia Base, yaani nauli kamili, au Economy, ya katikati, kama una uhakika wa siku.

Namba ya jukwaa huonekana ubaoni dakika chache kabla ya treni kuondoka, na hapo ndipo watu huanza kukimbia. Mwache Mama akae. Mmoja wenu asimame chini ya ubao, na asogee na masanduku namba ikitoka. Termini mkiona jukwaa la 25 hadi 29, anzeni kutembea dakika ishirini kabla, maana liko mbali kweli.