Uzoefu wangu na Medigap: Mpango G, bodaboda ya Tanga na bei ya pamba

Machi 2024 nilitimiza miaka 65, na miezi kadhaa kabla ya hapo sanduku langu la barua hapa Columbus, Ohio, lilikuwa limeshaacha kufungika. Bahasha za kampuni za bima, kila moja inanipongeza kwa kuzeeka. Simu nazo hazikukoma. Nimeendesha malori nchi hii miaka 22, nimelala njiani kwenye theluji ya Wyoming, lakini sijawahi kuchoka kama nilivyochoshwa na herufi za Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wenye miaka 65 na zaidi.

Herufi ndizo zinazotuponza wengi. Serikali ina Sehemu A ya kulazwa, Sehemu B ya daktari na vipimo, Sehemu D ya dawa. Halafu kampuni binafsi zinauza bima ya ziada, hiyo Medigap, nayo ina Mpango A, Mpango B, Mpango D, G, N na wenzake. Sehemu D na Mpango D havihusiani hata kidogo. Nilimuuliza wakala mmoja habari za Sehemu B, akanijibu habari za Mpango B, tukaenda hivyo robo saa nzima, kila mmoja akimwona mwenzake mzito.

Nilichokuwa nakitafuta ni kuziba pengo. Sehemu A silipii kwa mwezi kwa sababu nilikatwa kodi ya Medicare kazini zaidi ya miaka 10. Sehemu B mwaka ule ilikuwa dola 174.70 kwa mwezi. Ukishatoa mfukoni dola za kwanza za mwaka (mwaka ule zilikuwa 240), Medicare inabeba asilimia 80 ya bili ya daktari, na 20 inabaki yako. Hiyo 20 haina kikomo. Mimi nina sukari na presha, kwa hiyo neno "haina kikomo" nalisikia kwa sikio tofauti na kijana wa miaka 30.

Rafiki yangu wa Mombasa, tuliyekuwa tunapishana naye bandarini Houston, alikwenda njia ya Medicare Advantage. Kule unapewa kila kitu kwenye kifurushi kimoja cha kampuni, mara nyingi bila ada ya ziada juu ya ile ya Sehemu B. Alipata meno, miwani, hadi kadi ya gym, na kwa miaka miwili alitucheka sisi tunaolipa. Kifurushi chake kina kikomo cha gharama kwa mwaka, sikatai, hilo ni jambo zuri. Lakini ana orodha ya madaktari asioweza kuivuka, na vipimo vikubwa vinasubiri kibali cha kampuni. Alipofanyiwa upasuaji wa moyo ndipo akataka kuhamia Medigap. Kampuni zikampa fomu ya maswali ya afya, naye akajibu ukweli. Zikamkataa.

Hapa ndipo nataka msomaji asimame. Dirisha la kujiunga na Medigap ni miezi sita, linafunguka mwezi ule ambao una miaka 65 au zaidi na Sehemu B imeanza kufanya kazi. Ndani ya miezi hiyo kampuni haina ruhusa ya kukukataa wala kukupandishia bei kwa sababu ya ugonjwa. Likifungwa, katika majimbo mengi, unaingia kwa hisani yao. Kuna njia chache za kuokoka, kwa mfano aliyeanza na Advantage alipotimiza 65 anaweza kutoka ndani ya mwaka wa kwanza. Rafiki yangu alikuwa ameshaupita.

Haya sikuambiwa na wakala. Niliambiwa na mama mmoja wa OSHIIP, huduma ya ushauri ya jimbo la Ohio ambayo ni bure na haiuzi chochote. Kila jimbo lina ya kwake kwa jina lake. Alinieleza pia kwamba Mpango G wa kampuni hii na Mpango G wa kampuni ile unalipia vitu vilevile, sheria ndiyo inayopanga. (Massachusetts, Minnesota na Wisconsin wana utaratibu wao.) Kinachotofautiana ni bei na jinsi inavyopanda: kuna wanaokupandishia kadiri unavyozeeka, na kuna wanaoangalia umri uliojiunga nao. Basi kijana mmoja wa kampuni ya bima aliyekuwa ananisifia G yake kuwa "ya kiwango cha juu" alikuwa ananiuzia chumvi kwa bei ya sukari.

Nikabaki na mipango miwili ya kuchagua, G na N. N niliipata kwa dola 98 kwa mwezi, lakini unachangia hadi dola 20 kila ukimwona daktari na hadi 50 ukienda dharura bila kulazwa. G ilikuwa 128, na ukishalipa zile 240 za mwaka, pengo la Sehemu B limezibwa. Mimi kliniki ni kama msikitini, siachi kwenda. Nikachukua G.

Mke wangu alikuwa na swali lake moja: "Baba, tukiwa nyumbani je?" Maana Medicare yenyewe hailipi matibabu nje ya Marekani, isipokuwa kwa nadra sana. G na N zote mbili zina kipengele cha dharura ya safarini: unajilipia dola 250, wao wanalipa asilimia 80, mwisho dola 50,000 kwa maisha yako yote, na dharura iwe imeanza ndani ya siku 60 za kwanza za safari.

Januari 2025, wiki ya tatu nikiwa nyumbani Tanga, bodaboda ikanimwaga Ngamiani. Mkono ukavunjika. Nikapelekwa Dar es Salaam kuwekewa chuma, nikalipa taslimu shilingi milioni 4 na laki 6, kama dola 1,870. Nikaituma risiti kwa kampuni yangu ya Medigap, ikairudisha: imeandikwa kwa mkono, mstari mmoja tu, "matibabu". Wanataka mchanganuo. Mpwa wangu akarudi hospitali mara tatu. "Mjomba, hawa wanataka hadi bei ya pamba!" Ikaandikwa pamba, nikatafsiri kila mstari kwa Kiingereza, na baada ya miezi mitatu nikapokea dola 1,296, sawasawa na hesabu niliyoipiga mwenyewe. Ukisafiri, dai mchanganuo wenye muhuri kabla hujatoka wodini.

Lawama ninazo. Mwaka wa pili ada ilipanda hadi 143, na barua haikusema sababu ya maana. Dawa nilikatia Sehemu D pembeni, maana Medigap haizigusi na ukichelewa kuichukua kuna faini. Angalau insulini yangu haizidi dola 35 kwa mwezi. Meno hayamo kabisa. Hayo niliyatengeneza Tanga safari ileile, mkono ukiwa bado kwenye plasta, na kampuni sikuiambia.