Nimesoma stashahada ya uchoraji chuo binafsi Dar: hela ilirudi au haikurudi?

Watu wananiuliza sana kama inalipa kwenda chuo cha sanaa au bora ujifunzie tu gheto, kwaio naandika yote hapa. Mimi nilisoma chuo binafsi hapa Dar, jina silitaji, uchoraji na grafiki mpaka stashahada, na saivi nakula kwa kuchora. Maoni yangu ni kwamba mwaka wa kwanza ulilipa kila shilingi, iliyobaki nilinunua karatasi ya cheti tu.

Tuanze na hela maana ndo inayouma. Ada ilikuwa kama milioni na laki mbili kwa mwaka, wengi wanapiga hesabu hiyo wanaona fresh. Aisee ada ndo kitu kidogo. Kuna rangi, brashi, makaa ya kuchorea, karatasi nzito, alafu mchango wa maonyesho ambao kwenye fomu haukuwepo, alafu chumba na nauli na kula, kuna muhula vifaa peke yake vilinila kuliko ada yenyewe. Kilichotuokoa ni kuacha kanvasi za dukani. Unaenda Kariakoo unachukua amerikani ya mita, kile kitambaa cha pamba, fundi wa mtaani anakupigia fremu ya mbao, unaiwamba, unapaka emalshen nyeupe, ile rangi ya ukutani, uliyochanganya na gundi ya mbao, ikikauka unapiga msasa unapaka tena. Ila usiikaze sana kabla hujapaka, amerikani ikilowa inajivuta na fremu nyembamba inapinda yote. Na hii sio mwalimu alietufundisha, ni dada mmoja aliyetutangulia darasa.

Sasa kilicholipa. Tulikuwa na ticha wa kuchora, mzee mmoja mkali hana stori na mtu, siku ya kwanza kakusanya tubu zote za rangi nyeusi kafungia kabatini. Sisi wote tulikuwa tunachora ngozi zetu kwa kahawia na nyeusi, mtu anatoka kama kapakwa masizi. Akatulazimisha giza tulitafute kwa kuchanganya kahawia iliyokolea na bluu, kwenye kivuli unatia zambarau kidogo, palipopigwa na mwanga unaweka chungwa, na kwenye paji la uso mtu akiwa nje unagusa bluu ya mbingu kidogo sana. Wiki za mwanzo tulimchukia. Leo wateja wangu wa picha za harusi na sendofu wakiniambia we jamaa unaijua ngozi, ni yule mzee.

Alafu alikuwa anamsimamisha mlinzi wa chuo mbele yetu, anapewa soda na chochote, sisi tunachora. Mzee anapita nyuma yako, ananyoosha mkono na penseli, anafumba jicho moja, anapima kichwa kisha anashuka nacho mpaka miguuni, kwa mtu mzima aliesimama kichwa kinaingia kama mara saba na nusu, kwenye mchoro wangu kilikuwa kinaingia mara tano. Anasema "futa", basi, anaenda kwa mwingine. Mambo ya vipimo yote yapo YouTube bure, bando lako tu, ila YouTube haioni mchoro wako. Hiyo "futa" ndo niliyolipia.

Najua kuna mtu atasema mbona yule mchoraji Tingatinga hakusoma chuo. Kweli, Edward Tingatinga alianza Dar mwaka 1968 na rangi za kupakia baiskeli kwenye vibao vya ceiling board, akafariki 1972, na mpaka leo watu wanauza kwa jina lake pale Oysterbay. Lakini angalia waliomfuata, walikaa chini ya mtu, ndugu na majirani zake walikaa nae wakawa wanamsaidia kazi mpaka mkono ukakubali, na wao wakachukua vijana wengine. Hicho ni chuo, tofauti ada unalipa kwa jasho na unatoka na staili ya mwalimu wako. Kama una fundi wa kukupokea hivo na unaipenda staili yake, sioni kwanini uende kulipa milioni.

Upande wa grafiki sina la kusifia. Kompyuta chache za kizamani, tunakaa watatu mashine moja, umeme ukikatika kipindi kimeisha. Field, yani mafunzo ya kazini, tuliambiwa chuo kitatutafutia sehemu, ikafika muda kila mtu akajitafutia, mi nikaishia stationery moja nadizaini kadi za mialiko na mabango ya misiba.

Na karatasi yenyewe? Imenisaidia sehemu moja, shule binafsi iliyonichukua kufundisha watoto kuchora kwa muda. Mteja wa picha haulizi cheti, anauliza bei na lini. Kitu ambacho wengi hawajui, ngazi za NACTVET, lile baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, zipo kwa hatua, ya 4, ya 5, alafu ya 6 ndo stashahada, na kila hatua ina cheti chake, kwaio unaweza kuingia ukamaliza ya 4 ukaenda kufanya kazi, ukiona unahitaji unarudi. Ningekuwa naanza leo ningefanya hivo. Kama una pointi za kidato cha sita, Chuo Kikuu cha Dar (UDSM) kina shahada ya sanaa na unaweza kuomba mkopo wa HESLB, ile bodi ya mikopo ya serikali, hiyo ni hesabu nyingine kabisa. Na kama moyo wako uko kwenye ngoma, muziki au maigizo pia, nenda Bagamoyo kwenye chuo cha sanaa cha TaSUBa ukaone, wapo tangu 1981 na tamasha lao linakuonesha wanafunzi wanavyofanya kazi.

Kabla hujalipa popote hakikisha chuo kimesajiliwa, alafu omba uingie darasani siku ya vitendo, angalia kazi za wanafunzi ukutani. Kama zote zimefanana mkono, ni za mwalimu. Uliza ada inalipwa kwa awamu ngapi na nini kinatokea usipomaliza, sisi awamu walikubali bila shida, ila asubuhi ya mtihani mhasibu alikuwa anakaa mlangoni na daftari lake.