Uzoefu wangu: kutengeneza redio kaseti ya zamani Katwe, Kampala

Nina redio kaseti ya National Panasonic aliyoacha marehemu baba. Kaseti ilikuwa haizunguki kabisa, na ukiichomeka kwenye umeme ilivuma hadi huelewi mtangazaji anasema nini. Hapa Bombo fundi wa vitu hivi alishafunga. Chumba chake sasa kinauza kava za simu. Kampala mjini, kwenye jengo moja la maduka ya simu, kijana aliigeuzageuza tu akaniambia, "Mzee, uza hii kwa watu wa skrepa, ununue ya flashi." Hakufungua hata skrubu moja.

Nikaelekezwa Katwe. Nyuma ya wanaochomelea mageti yuko mzee aliyejifunzia kazi Nairobi, Luthuli Avenue, kwa hiyo Kiswahili chake hakina wasiwasi. Aliifungua mbele yangu. Mkanda wa mpira unaozungusha kaseti ulikuwa umeyeyuka ukawa utomvu mweusi, umegandia kila kigurudumu. Mpira wa zamani ndivyo ulivyo, hata mashine ikikaa kabatini tu. Akausafisha kwa spiriti na pamba, akapitisha uzi pale mkanda unapopita ili apime urefu, kisha akachagua mkanda mfupi kidogo kuliko uzi, upate kukaza. Mvumo ulitokana na kapasita kubwa upande wa umeme, kile kikopo kinachotuliza umeme: imekauka. Akalehemu nyingine.

Halafu hedi, kile kichwa kinachosoma utepe wa kaseti. Aliweka kaseti yangu ya kaswida, akawa anageuza skrubu ndogo ya pembeni, kidogo tu, anasikiliza, anageuza tena. Sauti iliyokuwa kama ya mtu aliyejifunika blanketi ikafunguka. Hapo ndipo nilipoona hela yangu inakwenda wapi.

Nililipa shilingi 70,000, spea humo humo. Bei hiyo unapata redio mpya ya Kichina yenye bluetooth, na nauli ya taksi inabaki. Sasa nani atalipa, kama si mtu mwenye kaseti za baba yake? Vijana aliowafundisha wamehamia kwenye simu, wala siwalaumu: kioo kinabadilishwa mteja amesimama hapo hapo, hela inaingia leo. Televisheni za kichogo ndizo zilizomlisha, lakini matangazo ya analogi yalipozimwa Kampala mwaka 2015, wateja wake wengi waliona badala ya king'amuzi heri waongeze hela wachukue ya bapa. Spea zenyewe anazitoa kwenye mashine zilizokufa, zimejaa hadi chini ya meza.

Malalamiko ninayo. Siku aliyoniahidi haikuwa siku niliyoichukua, na hakunipigia. Risiti hakuna; garantii ni mdomo wake. Kitufe cha kupeleka mbele bado kinateleza, na volumu hukwaruza asubuhi mpaka uizungushe kidogo. Ila redio yenyewe sina neno: stesheni mbili za CBS, redio ya Buganda, ile ya FM 88.8 na ile ya 89.2, zinakaa kila moja mahali pake, haziingiliani.

Ukienda, mpe hela ya spea kwanza, ya kazi umalizie siku ya kuchukua. Beba kaseti unayoijua vizuri, uijaribu kabla hujaondoka. Na kama una redio iliyokufa kabisa, usiwape wa skrepa; yeye hununua, hata isiyo na kifuniko.