RX 580 baada ya kuflashi BIOS: inalipa, ila si kwa kasi

Nianze na jibu, maana ndilo wengi wanalolitafuta. RX 580 ni kadi ya picha ya AMD, na kuflashi BIOS ni kuandika upya programu ya msingi iliyo ndani yake. Ukiflashi ukitegemea magemu yapae, utaumia roho. Kadi hii ilitoka Aprili 2017 ikiwa tayari imekamuliwa kiwandani. Kasi yake ya juu kwa vipimo vya AMD ni MHz 1340, na nyingi hugota kati ya 1400 na 1450. Hapo umepata asilimia 4 hadi 8, na kwa kasi hiyo ya chipu peke yake fremu haziwezi kuongezeka kuzidi hapo. Kilichonifanya niendelee nayo ni mambo mengine: volti imeshuka, joto limepungua, feni haipigi kelele, na mipangilio inakaa ndani ya kadi yenyewe. Futa Windows, hamia Linux, ichomeke kwenye kompyuta ya jirani, inabaki vilevile bila programu yoyote kuiamuru.

Kabla hujafika mbali, hakikisha kadi yako inakubali. Familia ya Polaris, yaani RX 460 hadi 480 na 550 hadi 590, ndiyo ya mwisho kwa AMD kuruhusu BIOS iliyohaririwa. Kuanzia Vega, familia iliyofuata, kadi yenyewe hukagua sahihi ya kidijitali (muhuri wa kiwanda) ya BIOS na kukataa iliyoguswa. Kwa NVIDIA mlango ulifungwa mapema zaidi: GTX 900 ziliharirika, GTX 10 za 2016 hazikubali. Zile programu zilizotoka Agosti 2023 za kulazimisha BIOS kwenye RTX 20 zinakuruhusu kuweka BIOS halisi ya kadi nyingine, si ya kuhariri mwenyewe.

Vifaa ni vichache: GPU-Z ya kutambua kadi, amdvbflash (zamani ikiitwa ATIFlash) ya kusoma na kuandika, na Polaris BIOS Editor ya kuhariri. Zote ni za bure. Kwenye GPU-Z angalia mstari wa Memory Type, utaona GDDR5 na jina la aliyetengeneza chipu: Samsung, Hynix, Micron au Elpida. Liandike pembeni, utalihitaji.

Kisha hifadhi BIOS ya asili. Fungua amdvbflash kwa mamlaka ya admini, andika amdvbflash -i upate namba ya kadi, halafu amdvbflash -s 0 asili.rom. Kwa Polaris faili hilo kwa kawaida ni KB 512. Ukipata KB 256 kutoka GPU-Z usilitegemee kama akiba, soma upya kwa amdvbflash. Soma mara mbili kwa majina tofauti, linganisha, kisha weka nakala nje ya hiyo kompyuta. Usitegemee kupakua BIOS ya "kadi kama yako" mtandaoni baadaye, kwa sababu kadi mbili za jina moja na boksi moja zinaweza kuwa na chipu za kumbukumbu za kampuni tofauti. Kwenye Linux amri ni zilezile ukitanguliza sudo, na kerneli nyingine zitakudai uongeze iomem=relaxed kwenye mstari wa kuwashia.

Sasa kuhariri, na hapa ndipo penye kazi. Ukifungua faili kwenye Polaris BIOS Editor, jedwali la GPU lina ngazi nane za kasi, kila moja na volti yake. Ngazi za juu utakuta namba za ajabu kama 65282 hadi 65288. Hizo si milivolti. Zinaiambia kadi ijipimie volti yenyewe kulingana na ubora wa chipu yake, na kiwanda hukaa upande wa usalama, kwa hiyo kadi nyingi hupewa volti nyingi kuliko zinavyohitaji. Ukifuta namba hiyo ukaandika milivolti halisi, mfano 1100 kwa ngazi ya mwisho, umeifunga hapo moja kwa moja. Mimi naanza na MHz 1340 kwa 1100, nikiona imetulia nashuka 25, nikiona inaganda napanda 25. Ngazi za katikati usizisahau, lazima zipande kwa mpangilio. Ngazi ya sita ikiwa na volti kubwa kuliko ya saba, kadi itakuwa inayumba huku unalaumu draiva.

Fanya majaribio haya yote kwanza kwa programu, Afterburner au mipangilio ya AMD yenyewe, na uandike kwenye BIOS namba zilizokwisha kuthibitika. Kuflashi kila unapobadilisha milivolti 10 ni kujitafutia matatizo.

Sehemu ya Powertune ina TDP, TDC na Maximum Power Limit, yaani mipaka ya umeme. Wati zilizoandikwa pale ni za chipu peke yake, si kadi nzima. Ndiyo maana RX 580 ya wati 185 utaikuta na namba ndogo kuliko hiyo. Kama kadi ina soketi moja ya pini 8, hesabu ya kanuni ni wati 150 za waya na 75 za mazabodi, jumla 225. RX 480 ya 2016 ilileta zogo kwa kuvuta zaidi ya kiwango kupitia mazabodi, hadi AMD ikatoa draiva ya kurekebisha. Usirudi huko kwa mikono yako. Mimi sehemu hii siigusi, na ukishusha volti hutaona haja ya kuigusa.

Kumbukumbu ndiyo yenye ladha. Safu ya mV pale iache ilivyo, haibadilishi volti halisi ya chipu za GDDR5. Kinachobadilika ni kasi na majira (timings, yaani muda ambao kumbukumbu husubiri kati ya hatua na hatua). Majira yamepangwa kwa mistari ya 1500, 1625, 1750, 2000 na kuendelea, kila mmoja una tarakimu 96 za heksadesimali, na namba ya mbele (0:, 1:, 2:) inaonyesha ni wa chipu ya kampuni gani. Mstari wa kasi ndogo una majira ya kubana zaidi. Ukinakili mstari wa 1750 ukaubandika kwenye 2000, kumbukumbu inajibu haraka kwa kasi ileile. Wachimbaji wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum walikuwa wakinakili hadi 1500, na kitufe cha kubana majira kwa mbofyo mmoja kiliwekwa kwa ajili yao. Kwa magemu sikishauri, ni kukaza kupita mahitaji. Kwa Samsung, 1750 hutosha. Hynix na Elpida ni wa kubembeleza.

Kasi ya MHz 2000 inatoa GB 256 kwa sekunde, na 2150 inatoa GB 275. Ila usihukumu kwa macho. GDDR5 hugundua kosa la usafirishaji na kurudia kutuma, kwa hiyo ukizidisha, picha inabaki safi huku fremu zikipungua. Fungua HWiNFO (programu ya kusoma vipimo), tafuta GPU Memory Errors, endesha gemu zito au Superposition (programu ya kupima kadi) kwa saa nzima. Namba hiyo ibaki sifuri. Ikianza kuhesabu, rudisha MHz 25 au 50.

Kuandika kwenyewe ni dakika moja: amdvbflash -p 0 mpya.rom, subiri ujumbe wa kuwasha upya, zima, washa. Funga kila kitu kinachotumia kadi, na kama mtaa wenu umeme ni wa kubahatisha, usifanye bila UPS.

Kero kubwa kwangu ni draiva ya Windows. Inakagua sahihi ya BIOS, ikiona imeguswa inagoma, na Device Manager inaonyesha kosa la Code 43. Dawa ni atikmdag-patcher, programu inayobandika kiraka kwenye draiva ili isikague: iendeshe, kubali, washa upya. Kila ukisasisha draiva unarudia. Secure Boot inabidi izimwe, na mifumo kadhaa ya kuzuia udanganyifu (anti-cheat) kwenye magemu ya mtandaoni haipendi draiva iliyobandikwa kiraka. Kama unacheza mashindano, pima hilo kwanza, pengine ndilo litakuamulia. Linux haina usumbufu huu, draiva yake ya amdgpu inapakia tu.

Skrini ikibaki nyeusi, usikate tamaa. Kadi zenye swichi ya BIOS mbili, kama Sapphire Nitro+, ni rahisi: zima, geuza swichi, washa kwa BIOS nzima, ukishaingia kwenye mfumo irudishe swichi upande uliokufa, kisha andika asili.rom. Bila swichi, pata picha ya skrini kupitia CPU yenyewe au kadi ya pili, na uflashi ile mbovu ikiwa imechomekwa. Ikishindikana hata kuwaka, ni CH341A (kifaa cha USB cha kuandikia chipu) na kibanio cha pini 8 juu ya chipu ya BIOS. Soma maandishi ya chipu kwanza ujue ni ya volti 3.3 au 1.8, kwa sababu baadhi ya CH341A nyeusi hupeleka volti 5 kwenye nyaya za data.

Kwa anayenunua kadi ya mkononi: tangu Ethereum iache uchimbaji Septemba 2022, RX 570 na 580 zimejaa sokoni, na nyingi zina BIOS ya mchimbaji. Kadi ya namna hiyo ukiiweka draiva safi inakupa Code 43, na muuzaji atasema ni Windows yako. Angalia GPU-Z: RX 580 kamili ina Shaders (viini vya kuchakata picha) 2304. Ukiona 2048, hiyo ni 570 iliyovalishwa jina au ile 2048SP ya soko la China, na bei ishuke hapohapo.