Vitabu vya picha vya watoto: kipi ununue na kipi ukiache dukani (wanyama, mazingira na historia)

Mwezi uliopita nilinunua kitabu cha wanyama wa baharini, jalada linang'aa, maandishi makubwa ya Kiswahili, Tsh 12,000, nikajiona mzazi bora mtaa mzima. Tumefika nyumbani, ukurasa wa nne: nyangumi ni samaki mkubwa kuliko wote. Mkubwa wangu yuko darasa la kwanza, akaniangalia, akasema baba, mwalimu kasema nyangumi ananyonyesha. Na kweli, nyangumi sio samaki, ananyonyesha kama ng'ombe tu. Samaki mkubwa kuliko wote ni papa potwe, na huyo yupo hapo Mafia, watu wanatoka nje ya nchi wanalipa hela kwenda kuogelea naye. Yaani kitabu kinauzwa kwa watoto wa pwani alafu kimemsahau samaki wa pwani. Toka siku ile kitabu cha mtoto nakikagua kama nanunua simu ya mtumba.

Nina wawili, wa darasa la kwanza na mwingine wa miaka mitatu. Hii orodha sijaipanga kwa uzuri wa jalada wala bei. Nimeipanga kwa kitu kimoja, ni kitabu gani mtoto anakileta mwenyewe usiku, anakutupia mapajani, anasema "tena". Kuna vya elfu thelathini ambavyo havijawahi kuombwa hata mara mbili, na kuna cha elfu nne nimekisoma mpaka naota.

Kabla ya orodha, ukaguzi wenyewe, dakika tano tu umesimama dukani.

Fungua ukurasa wa duma. Duma ana michirizi miwili myeusi inashuka toka kwenye macho mpaka mdomoni, kama mtu aliyepaka wanja akalia, na madoa yake ni meusi yaliyojaa. Chui hana hiyo michirizi na madoa yake yamekaa kama maua, katikati yako wazi. Ukikuta chui kaandikwa duma, rudisha. Alafu tembo, wetu ana masikio makubwa yanafunika mpaka bega, wa Asia masikio yake madogo, ila wachapishaji wengine wanachukua picha za bure mtandaoni ndo unakuta tembo wa India anakunywa maji Ruaha. Kifaru wa kwetu pembe mbili, ukiona wa pembe moja huyo ni wa Asia. Na kama chui milia anakimbiza swala Serengeti basi hata usiendelee, chui milia hajawahi kuishi porini Afrika. Utaniambia mtoto wa miaka mitatu hajui tofauti. Sawa, ila kama hawakuangalia duma, unadhani na mwaka wa Maji Maji waliuangalia?

Pili, soma ukurasa mmoja kwa sauti, usimuonee aibu muuzaji. Tafsiri mbovu inajulikana ikitoka mdomoni. Kuna kimoja nilikutana nacho sungura kaangusha karoti anasema "Oh mpendwa wangu!", nikacheka mpaka mlinzi akasogea. Nani kwenu kaangusha kitu akasema mpendwa wangu? Ukijikwaa kwa sentensi mbili mfululizo wewe mtu mzima unayeongea Kiswahili toka umezaliwa, ujue kila usiku utakuwa unajikwaa hapo hapo.

Tatu, hesabu kurasa. Vitabu hivi mara nyingi vina kurasa 16, 24 au 32, kwa sababu mashine inachapa karatasi kubwa alafu inakunjwa na kukatwa. Cha kubanwa pini mbili katikati ukihesabu ukapata 22, kuna karatasi imeshachomoka na huenda ndo yenye mwisho wa hadithi. Pini mimi nazipenda, zikilegea unabana upya na stepla. Cha gundi peke yake, kifungue katikati taratibu, mgongo ukilia krrr na ukaona mstari wa gundi, hicho wiki mbili kinapukutika. Kilichoshonwa kwa uzi, kama hela ipo, chukua. Karatasi kama ni ile ya fotokopi ya gramu 80, picha ya upande wa pili inaonekana kama kivuli, na mtoto akishika kwa mkono wenye maji ya chungwa hakuna kitabu tena.

Haya, orodha.

Namba moja kwangu, na najua wengine mtabisha, ni vile vitabu vyembamba vya Kiswahili vilivyoandikwa na kuchorwa huku huku. Vina sura ya kimaskini kweli, jalada jepesi, rangi hazipigi kelele, kwenye shelfu vinamezwa na vya nje. Lakini ndani kuna kenge, kuna mjusi wa ukutani, kuna kunguru anaiba andazi kwenye sinia la mama ntilie, na mtoto wa Dar kunguru anamjua jamani, asubuhi ndo anamuamsha. Mdogo wangu huyo wa miaka mitatu kitabu cha dubu anakiangalia kimya, ila cha kunguru anakisimulia yeye, anaongeza na vya kwake. Hapa kuna historia kidogo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza 1991 kwa sababu vitabu vya Kiswahili vya watoto vilikuwa vya kutafuta kwa tochi, na mwaka huo huo Walter Bgoya, aliyewahi kuongoza Tanzania Publishing House, akaanzisha Mkuki na Nyota. Tafuta majina hayo nyuma ya jalada. Walio Nairobi na Mombasa, waangalieni East African Educational Publishers na Longhorn, wana hadithi za Kiswahili za ngazi ngazi, mtoto anapanda kadri anavyojua kusoma.

Shida yake ni kuvipata. Ukienda Kariakoo ukasema nataka kitabu cha mtoto unapewa cha a e i o u na cha kujumlisha, kwa sababu ndo kinachotoka. Sema nataka vya ziada, vya hadithi, sio vya kiada. Hilo neno ziada ndo ufunguo, muuzaji anapanda ngazi anakushushia boksi lenye vumbi na humo ndo kuna mali. Mimi nimelipa kati ya 4,000 na 8,000 kimoja, na ukichukua vitano anapunguza.

Namba mbili havina bei kabisa, na sielewi kwa nini watu hawavisemi. Kuna African Storybook, imeanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, iko hewani toka 2014, na kuna StoryWeaver ya Pratham Books ya India. Zote zina hadithi za picha za Kiswahili, unashusha bure, na leseni yake inakuruhusu kuprinti, sio wizi. Mimi nachagua tatu nne, naweka kwenye flashi, napeleka stesheneri. Waambie waprinti kwa mtindo wa kijitabu, kurasa mbili kila upande, alafu kunja. Stepla ya kawaida haifiki katikati, nimehangaika nayo sana mpaka mama yangu akaichukua ile karatasi, akatoboa matundu matatu kwa sindano ya kushonea magunia, akapitisha uzi, akafunga fundo kwa nje. Hicho kitabu kina mwaka na nusu, hakijatoka hata ukurasa. Kuprinti rangi ndo kunakula hela, kwa hiyo hadithi ndefu ya kurasa thelathini inaweza kukufikisha bei ya kitabu cha dukani, chukua zile fupi. Na soma kwanza kabla ya kuprinti, nyingine zimetafsiriwa na watu wa kujitolea, zipo nzuri sana na zipo za mpendwa wangu.

Namba tatu, mitumba. Vitabu vya picha vya Kiingereza vilivyotumika, vinamwagwa kwenye turubai pembeni ya barabara pale mjini, vya dinosa, vya wadudu, vya anga. Karatasi nzito, vimeshonwa, vimeshapita kwa watoto wawili Uingereza na bado viko imara kuliko vipya vyetu. Hesabu kurasa, angalia kama kuna vilivyochorwa na kalamu, harufu ya ukungu ikikupiga puani acha, haitoki hiyo. Kiingereza chake usikisome neno kwa neno, tazama picha msimulie mtoto kwa Kiswahili, tena inakuwa hadithi ndefu zaidi. Nimepata cha dinosa kwa buku mbili, kuna yule mwenye shingo ndefu kama winchi, Brachiosaurus. Sasa kitabu hakisemi kitu ambacho mimi ndo nilimwambia mwanangu, kwamba yule mkubwa anayesimama kwenye jumba la makumbusho Berlin, urefu zaidi ya mita 13, mifupa yake imechimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, watu wa huko huko wakaibeba kichwani mpaka bandarini. Siku hizi wataalamu wanamwita Giraffatitan, twiga mkubwa. Mtoto alikaa kimya, alafu akauliza, sasa lini wanamrudisha? Sikuwa na jibu. Toka hapo kile kitabu kinaitwa "kitabu cha Lindi".

Namba nne, vile vya kurasa ngumu kama ubao vyenye kona za mviringo. Kama mtoto wako ana mwaka mmoja au miwili, futa orodha yangu, hivi ndo namba moja, kwa sababu kitabu kwake ni chakula. Shida ni vya nje karibu vyote, dubu, theluji, kindi na karanga zake. Mimi nakata vipande vya karatasi ya gundi naandika jina la Kiswahili nabandika juu ya la Kiingereza. Usinunue zaidi ya vitatu, wanakua haraka.

Sasa historia. Hapa sikupi namba kwa sababu dukani vya picha vya historia vya mtoto mdogo ni vichache mno, unachukua kinachopatikana, ila kuna kipimo kimoja hakinidanganyi. Tafuta sehemu ya mlima Kilimanjaro. Wakisema uligunduliwa na Rebmann 1848, rudisha. Wachaga walikuwa wanalima migomba miguuni pake, Rebmann alikuwa Mzungu wa kwanza kuandika kwamba kauona, hayo ni mambo mawili tofauti na mtoto wa miaka saba anaelewa vizuri kabisa. Kitabu kizuri cha historia kinaanza mbali na kinaanza na kitu cha kushika. Nyayo za Laetoli kwa mfano, kule Ngorongoro, zilizofukuliwa 1978, watu wa kale walipita juu ya majivu ya volkano yaliyolowa mvua kama miaka milioni 3.6 iliyopita, majivu yakakauka yakawa jiwe. Tuna kitabu chenye picha ya unyayo mmoja ukurasa mzima, mkubwa wangu alivua ndala akaweka mguu wake juu, akasema "tunalingana". Nusu saa nzima hatukugeuza ukurasa. Au twiga aliyesafirishwa kwa meli toka Malindi mpaka China, akafika kwa mfalme 1415, hapo una mnyama na historia kwa mpigo mmoja na mtoto hajui kama anafundishwa. Vile vya wasifu wa viongozi, picha ya mtu kasimama kwenye jukwaa kila ukurasa, vyetu vimelala. Cha Wangari Maathai, yule mama wa Kenya wa kupanda miti, kinasomeka kwa sababu kuna miti, kuna matope, kuna kuchimba.

Za mkiani. Ensaiklopidia kubwa za ukweli elfu moja sijui, zinapendeza kwenye zawadi, nzito mtoto hawezi kuibeba mwenyewe, na mtoto asipoweza kukibeba hawezi kukuletea. Subiri afike miaka tisa kumi. Na vya mwisho kabisa ni vile vya kubonyeza vinatoa sauti. Simba analia, siku ya tatu analia kama jenereta, siku ya kumi kimya, na kitabu bila sauti hakina maneno hata kumi. Hilo sio kubwa, kubwa ni betri zake, vile vidonge vya mviringo. Mtoto akimeza kinaunguza koo kwa ndani ndani ya saa chache, ni hospitali ya haraka hiyo. Kama umeshapewa zawadi, geuza nyuma uone kifuniko kimefungwa kwa skrubu, kama kinafunguka kwa kucha toa betri leo.

Mwenye elfu ishirini mkononi wikiendi hii, mimi ningechukua vya ziada viwili vya Kiswahili, kimoja cha mtumba chenye picha kubwa za wanyama, na itakayobaki unaprinti hadithi moja fupi ya bure. Sindano ya magunia kaombe kwa jirani.